Mwenda Jean Bosco: Malenga wa Gitaa Aliyerudi Ofisini

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwenda Jean Bosco alisifiwa kuliko wagema wengi wa zama zake, lakini tembo lake hakulitia maji. Alichofanya ni kukitua kibuyu na kutafuta kazi nyingine. Mtu ambaye santuri zake zilisikika kutoka Katanga hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi vijiji vya Bungoma na mashamba ya Kitale, aliishi sehemu kubwa ya utu uzima wake akiwa mfanyakazi wa benki, mfanyakazi wa kampuni ya madini na hatimaye mwenye hoteli. Mashabiki wake waliokuwa mbali hawakujua alikokwenda. Makala haya yanasimulia maisha yake, na kwa kufanya hivyo yanauliza kwa nini msanii aliyetunga kwa Kiswahili, akasikilizwa na Waswahili wa mataifa mengi, hana nafasi katika historia ya fasihi ya Kiswahili inayofundishwa vyuoni.

Bunkeya na chimbuko la lugha yake

Bosco alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, karibu na mji wa Likasi, katika jimbo la Katanga lililokuwa sehemu ya Kongo ya Wabelgiji. Bunkeya haikuwa kijiji cha kawaida. Katika karne ya 19 ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Wayeke chini ya Msiri, mtawala aliyetoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wayeke walifika Katanga wakifuata biashara ya pembe za ndovu na shaba, nao walikuja na mawasiliano ya misafara iliyofika hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Msiri aliuawa mwaka wa 1891 alipokataa kuikubali bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na ufalme wake ukawekwa chini ya utawala wa wageni. Jina ambalo Bosco alilitumia katika miaka yake ya baadaye, yaani Mwenda wa Bayeke, linamrudisha moja kwa moja katika historia hiyo.

Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa kigeni kabisa katika mazingira aliyozaliwa. Hata hivyo, Kiswahili alichokitumia katika nyimbo zake kilikomaa mahali pengine, nacho ni kile cha miji ya migodi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilihitaji vibarua wengi wa kuchimba na kuyeyusha shaba. Iliwatoa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, Kasai na Ruanda-Urundi. Watu hawa walikuwa na lugha nyingi, nao walipokutana katika kambi za Elisabethville na Jadotville, miji ambayo leo inaitwa Lubumbashi na Likasi, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Katika miongo michache kilikuwa kimegeuka kuwa lugha ya nyumbani, ya sokoni, ya kanisani na ya baa. Watoto waliozaliwa kambini walikinyonya pamoja na maziwa ya mama zao. Hicho ndicho Kiswahili ambacho Bosco alikipa gitaa.

Jadotville, mwaka wa 1952

Kijana Bosco alikulia katika mazingira ambamo gitaa lilikuwa alama ya ujana wa mjini. Magitaa yaliingia Katanga kupitia maduka ya Wazungu na mizigo ya wafanyakazi waliorejea kutoka kusini. Muziki nao uliingia kwa njia nyingi: santuri za Kyuba zilizokuwa zikipendwa kote Kongo, filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, na ngoma za wafanyakazi waliotoka pande zote za eneo hilo. Aliyekuwa na sikio zuri aliweza kuokota hapa na pale, akajenga chake.

Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika ya kusini na ya kati kwa miaka mingi akirekodi muziki wa wenyeji, alifika Jadotville na mitambo yake. Huko alimkuta Bosco, kijana wa miaka 22, akipiga gitaa barabarani. Tracey alimrekodi nyimbo kadhaa, miongoni mwazo Masanga, ambao ndio uliompa Bosco jina. Nyimbo hizo zilitolewa kwenye santuri za Gallotone, nembo ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, na Masanga ukapata tuzo kutoka kwa African Music Society, chama ambacho Tracey mwenyewe alikuwa mmoja wa waasisi wake. Katika muda mfupi mtu aliyekuwa akijulikana na majirani tu akawa sauti inayotambulikana katika nchi ambazo hakuwa amezikanyaga.

Yafaa kutua hapa kidogo. Katika biashara ya santuri ya miaka hiyo, mwimbaji wa Kiafrika hakuwa mshirika. Aliimba, akarekodiwa, na mara nyingi wimbo ukabaki mikononi mwa kampuni. Umaarufu na kipato havikufuatana. Jambo hili likisahaulika, maisha ya baadaye ya Bosco yatasomeka kana kwamba aliikimbia sanaa, ilhali ukweli ni kwamba sanaa ya wakati wake haikuwa imemwekea mahali pa kula.

Ufundi wa vidole viwili

Ni nini hasa kilichowashangaza wasikilizaji? Bosco alipiga gitaa la kawaida lisilo la umeme, kwa kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Gumba lilishika nyuzi nene na kulinda mapigo. Shahada ilicheza kwenye nyuzi nyembamba na kutoa kiitikio. Kwa vidole viwili tu, msikilizaji alisikia kama watu wawili au watatu wanaopokezana. Sauti ya mwimbaji nayo haikufuata gitaa kama mtumwa. Iliingia, ikanyamaza, ikaliacha gitaa liseme, kisha ikarudi kutoka upande mwingine. Aidha, hakupiga wimbo mmoja kwa namna ileile kila mara. Alibadilisha na kuongeza kila alipourudia.

Wanamuziki wasomi walilitambua jambo hili mapema. David Rycroft aliuchambua upigaji wa Bosco noti kwa noti katika jarida la African Music mwaka wa 1961 na 1962. Wakati huo ilikuwa nadra kwa msanii wa mjini wa Kiafrika kupewa uchunguzi wa aina hiyo, kwa kuwa watafiti wengi wa kigeni walitafuta ngoma za kale na kuyadharau magitaa, wakiyaona kuwa ni uigaji wa Wazungu. Uchambuzi huo ulionyesha kuwa gitaa la Bosco lilikuwa limebeba kanuni za midundo za Kiafrika. Chombo kilikuwa cha kigeni, lakini lugha iliyotoka ndani yake haikuwa ya kigeni.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, sifa hizi si za muziki pekee. Upokezanaji wa sauti na gitaa ni muundo wa kiitikio. Kubadilisha wimbo kila unapotendwa ni ile sifa ya utendaji ambayo kila kitabu cha fasihi simulizi huitaja katika sura yake ya kwanza. Bosco alikuwa fanani kwa maana kamili ya neno hilo, ingawa hadhira yake kubwa ilimfahamu kupitia sahani la santuri lisilobadilika.

Nairobi na magharibi mwa Kenya

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bosco alifika Nairobi. Aliletwa na shughuli za Peter Colmore, mfanyabiashara wa muziki na matangazo, ambaye pia alimleta Edouard Masengo, mwenzake Bosco kutoka Katanga. Bosco aliimba kutangaza dawa ya Aspro na kuwa na kipindi chake redioni. Hapo ndipo alipolipwa kwa gitaa lake kwa utaratibu, na ni jambo la kutafakari kwamba malipo hayo yaliletwa na tangazo la dawa ya maumivu ya kichwa.

Hakukaa Nairobi kwa muda mrefu, lakini athari yake ilidumu. Redio na santuri zilifika mbali kuliko yeye. Reli ya Uganda ilipita Bungoma, na tawi lake likafika Kitale, mji wa mashamba ya walowezi yaliyowavuta vibarua kutoka kila pembe ya magharibi. Katika maeneo haya gramafoni ilikuwa chombo cha fahari, na vijana waliokuwa na gitaa walijifunza kwa kusikiliza sahani moja mara nyingi hadi vidole vikapata njia. Upigaji wa Katanga ulikutana na mikono iliyokwisha kuzoea kudonoa nyuzi, kwa sababu Wabukusu walikuwa na litungu lao tangu zamani. Mpiga litungu hakuhitaji kufundishwa kwamba uzi mmoja unaweza kujibu mwingine.

Hii haimaanishi kwamba gitaa la magharibi mwa Kenya ni nakala ya Katanga. George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, aliujenga mtindo wa omutibo kwa midundo ya Kiluhya, na chupa ya soda ikigongwa pembeni kushika mapigo. Kizazi chake kilikuwa na mengi ya kwake chenyewe. Lakini wanahistoria wa muziki wa Kenya wanakubaliana kwamba Bosco na Masengo waliwaonyesha wapigaji wa Kenya gitaa moja linaweza kubeba nini. Fauka ya hayo, waliwaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuimbwa kwa gitaa na mtu ambaye si wa pwani, kwa lafudhi ya kwao, na bado kikapendwa. Mukabi naye aliimba kwa Kiswahili kilichobeba ladha ya Kiluhya. Mwanafunzi anayetoka Mabanga, Webuye au Kitale akizisikiliza nyimbo za zama hizo, anazisikia jamaa za Masanga.

Kutua gitaa

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na jimbo likaingia katika vita vilivyodumu hadi Januari 1963. Miji ya shaba ambayo ilikuwa imeulea muziki wa gitaa ikawa uwanja wa majeshi. Amani iliporejea, ladha ya muziki ilikuwa imebadilika. Bendi za rumba za Kinshasa, zenye magitaa ya umeme, tarumbeta na waimbaji wengi, ndizo zilizotawala redio, na lugha yao ilikuwa Kilingala. Mtu mmoja na gitaa lake lisilo na umeme, akiimba Kiswahili cha migodini, alionekana kuwa wa jana.

Bosco hakuwa mtu wa kungoja. Alikaa Lubumbashi, akafanya kazi ya benki, na pia akafanya kazi katika Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua migodi ya Union Minière. Hakuuacha muziki kabisa, kwani kwa nyakati mbalimbali aliongoza bendi za umeme zilizopiga kwa ajili ya dansi. Lakini riziki yake ilitoka kwingine, na yule mpiga gitaa wa peke yake ambaye dunia ilimfahamu alikuwa amestaafu kwa vitendo. Mwaka wa 1969 alialikwa Marekani, akapiga kwenye Tamasha la Newport, ambalo lilikuwa kilele cha muziki wa jadi na wa gitaa nchini humo. Halikubadilisha maisha yake. Alirudi nyumbani, kazini.

Mwaka wa 1971 Kongo iliitwa Zaire na Katanga ikaitwa Shaba. Serikali ya Mobutu ilipoagiza wananchi waache majina ya Kikristo, msanii huyu alikuwa na jina lake la kale tayari, naye akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Nje ya nchi, mabadiliko haya yalizidi kumficha. Waliomtafuta Jean Bosco wa Jadotville walitafuta jina lililokuwa limebadilishwa, katika mji uliokuwa umebadilishwa jina, ndani ya nchi na jimbo ambavyo navyo vilikuwa na majina mapya.

Kutafutwa upya

Mwaka wa 1979 John Low, mpiga gitaa na mtafiti kutoka Uingereza, alisafiri hadi Shaba kuwatafuta mabingwa wa miaka ya 1950. Aliwakuta Bosco, Masengo na Losta Abelo wakiwa hai, na shajara ya safari yake ikachapishwa Vienna mwaka wa 1982. Mwaka huohuo wa 1982 Bosco alipiga Ulaya, ambako Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria wa muziki wa Afrika, alikuwa miongoni mwa waliomthamini na kuandika juu yake. Mwaka wa 1988 alirekodi albamu huko Cape Town. Miaka 36 ilikuwa imepita tangu Tracey alipomkuta barabarani.

Hata hivyo, kufikia hapo alikuwa amejijengea maisha yasiyotegemea kugunduliwa. Katika miaka ya 1980 alimiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka wa 1990 Mmarekani Elijah Wald, mwandishi na mpiga gitaa, alikwenda Lubumbashi kujifunza kwake na kwa Masengo. Mwaka huohuo Bosco aliaga dunia katika ajali ya barabarani nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60. Rekodi zake za miaka ya 1980 zilitolewa kwenye sidii baada ya kifo chake, mwaka wa 1994 Marekani na mwaka wa 1997 Ujerumani.

Kiswahili chake mbele ya wasomi

Msomaji akiyatazama majina yaliyotajwa hadi hapa, ataona jambo lenye kuhuzunisha. Tracey, Rycroft, Low, Kubik na Wald wote ni watu wa nje. Waliomtafuta, waliomrekodi, waliomchambua na waliojifunza kwake kwa maandishi walikuwa wageni, na wengi wao walivutiwa na gitaa kwanza. Wenye lugha aliyoimba hawakuonekana.

Sababu mojawapo ni Kiswahili chenyewe. Kiswahili cha Katanga kina kiambishi ba- mahali pa wa-, kina ka- na tu- za udogo, kina upatanisho uliolegea na maneno mengi ya Kifaransa. Kwa mtu aliyelelewa katika mkabala wa usanifishaji, ulioanzishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 1930, lugha hii huonekana kuwa na makosa. Ni sadfa ya kukumbukwa kwamba Kamati hiyo na Bosco wote ni wa mwaka mmoja. Moja ilizaliwa kuweka mipaka ya Kiswahili sanifu. Mwingine alizaliwa nje ya mipaka hiyo, na nyimbo zake zikavuka bila kuomba ruhusa.

Huenda ikadaiwa kuwa fasihi ya Kiswahili ina kazi za kutosha, na kwamba nyimbo za gitaa ni burudani tu. Dai hilo halisimami. Taarab imekubaliwa vyuoni ingawa nayo ni burudani na hupigwa kwa vyombo vilivyotoka ng'ambo. Ushairi wa Kiamu na Kimvita unafundishwa ingawa hauko katika lahaja sanifu. Ikiwa Kiamu ni hazina na si kosa, basi Kiswahili cha Likasi, na kile cha Bungoma, vinastahili angalau kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Tofauti iliyopo ni ya umri na ya heshima: lahaja za pwani zina karne nyingi na maandishi, ilhali Kiswahili cha bara kilizaliwa katika kambi za vibarua.

Hitimisho

Maisha ya Mwenda Jean Bosco hayakuwa mkasa wa msanii aliyeanguka. Alifanya kazi, akamiliki mali, akazeeka na heshima yake katika mji wake. Hasara iko upande mwingine. Kwa kuwa gitaa halikuweza kumlisha, kwa miaka takriban 20 ambayo kipaji chake kilikuwa kimekomaa alirekodiwa kidogo kuliko alivyostahili, na hakuna awezaye kuijaza nafasi hiyo. Hasara ya pili inaweza kuzuiliwa bado. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka wa 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na zinaweza kusikilizwa, kunukuliwa kimaandishi na kuchambuliwa na mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliye tayari kujifunza lahaja ya Katanga.

Karibu zaidi na nyumbani, wapo wazee katika vijiji vya Bungoma na Trans Nzoia waliozipiga nyimbo za mtindo huo katika ujana wao, na wengine bado wana santuri zilizojaa vumbi juu ya kabati. Tasnifu moja ya uzamili inayokusanya nyimbo zao, ikaeleza Kiswahili chao jinsi kilivyo na kuonyesha walichokipokea kutoka Katanga na walichokiongeza wenyewe, ingetosha kuanzisha kazi. Wazee hao hawatangoja muda mrefu.